Matone Ishirini na Moja

Mtu wa Përmet, mji wetu mdogo, haamini kwamba ameugua mpaka atundikiwe chupa ya dripu. Vidonge humeza kwa hisani, na chai ya majani ya mlimani hunywa ili kumridhisha jirani aliyeileta. Lakini chupa ndiyo inayomthibitishia yeye, na mtaa mzima pamoja naye, kwamba ugonjwa wake ni wa haki. Kwa sababu hiyo Bibi Fotini, aliyekuwa ametapika siku tatu mfululizo na kubakiwa na ulimi tu uliokuwa na nguvu, alipoambiwa na Daktari Kleanthi kwamba sharti aongezewe maji kwa njia ya mshipa, aliipokea habari hiyo kama mtu aliyetunukiwa nishani.

"Hospitali au hapa nyumbani?" daktari aliuliza.

"Hospitali siendi," Fotini alijibu. "Mara ya mwisho nilikwenda na shuka zangu, mto wangu na kijiko changu. Shuka nilirudi nazo. Kijiko mpaka leo kinakula supu ya mtu mwingine."

"Basi hapa, kwa kuwa una mkwe muuguzi. Lakini nisikilize vizuri, Mama Fotini. Moyo wako umechoka. Chupa hii ni nusu lita, nayo iingie kwa saa nane, si pungufu. Maji yakikimbia, moyo hautaweza kuyasukuma. Yatatuama mapafuni, na utazama hapo hapo kitandani, mahali pakavu."

"Nizame kitandani," Fotini alisema, "na mto Vjosa uko pale chini bure."

Daktari hakucheka. Alirudia neno lake kwa Marjeta, mke wa mwana wa pekee wa Fotini: saa nane. Kisha akaenda zake.

Mume wa Marjeta alikuwa Ugiriki akipaka rangi nyumba za watu, naye huonekana kwao wakati wa Pasaka na mwezi wa Agosti. Marjeta alibaki na wakwe zake na kazi yake katika zahanati ya mji, kazi ya mkataba unaohuishwa kila miezi mitatu, kama mtu anayehuisha maombi. Nyumbani aliheshimiwa kwa mkono wake, maana hakuna aliyepata kudungwa naye mara mbili kwa kuukosa mshipa. Kwa upande wa hesabu, hata hivyo, hakuhesabiwa kabisa. Baba mkwe wake, Mzee Vangjel, alikuwa mtunza ghala na mizani ya ushirika kwa miaka ishirini na mitatu, na aliamini kwa moyo safi kwamba namba ziliingia katika nyumba ile siku aliyoingia yeye.

Ilikuwa yapata saa mbili kasoro asubuhi. Marjeta alichukua bahasha ya bili ya umeme, akaigeuza, akaanza kuandika kwenye meza ya jikoni. Mzee alisimama nyuma yake.

"Mililita mia tano," Marjeta alisema, "mara ishirini, maana mpira huu wa dripu unatoa matone ishirini kwa kila mililita. Inakuwa elfu kumi."

"Hiyo ishirini umeitoa wapi?"

"Kwenye pakiti, baba. Hii hapa. Kuna mipira ya watoto wachanga inayotoa sitini. Asiyesoma pakiti anaweza kuua mtu."

"Haya. Matone elfu kumi. Endelea."

"Saa nane ni dakika mia nne na themanini. Sasa elfu kumi nigawanye kwa mia nne na themanini..."

"Ishirini nukta nane tatu," Mzee Vangjel alimalizia, macho yamefumbwa.

"Kwa hiyo ishirini na moja kwa dakika."

Mzee aliyafumbua macho. "Hiyo moja je?"

"Tone halikatwi, baba. Tunasogeza."

"Mnasogeza. Ghalani kwangu aliyesogeza aliandika maelezo, tena nakala tatu."

"Nimwandikie nani maelezo? Mama?"

"Hicho kipande cha tone nileteeni mimi," Fotini aliita kutoka chumbani. "Nimeolewa miaka arobaini na sita katika nyumba hii, sijaona bado kitu kilichozidi."

Hapakuwa na mahali pa kutundika chupa isipokuwa msumari uliokuwa juu ya kitanda, na msumari huo ulikuwa umekaliwa na picha ya marehemu mama yake Mzee Vangjel, aliyekuwa akiwatazama wanandoa hao tangu usiku wa kwanza wa ndoa yao. Mzee aliitoa picha kwa mikono miwili, akaiegemeza chini ukutani.

"Kumbe kilichotakiwa ni kutapika tu," Fotini alisema. "Na mimi miaka yote hii namwomba ashuke kwa adabu."

Marjeta alimfunga mkono, akaupata mshipa kwa mara moja, akaunganisha mpira. Halafu akaishika saa yake mbele ya kile kichupa kidogo ambamo tone hujikusanya, hunenepa, husita, kisha hudondoka. Alihesabu dakika nzima akizungusha kigurudumu cha kubana mpira: ishirini na sita, mengi, kumi na tisa, machache, ishirini na moja. Akahesabu tena. Mzee alihesabu pamoja naye kwa saa yake mwenyewe, na ilipotokea ishirini na moja aliitikia kwa kichwa kama mkaguzi aliyekosa la kuandika.

* * *

Saa tano na nusu simu ya Marjeta ililia. Alikuwa Vitori, muuguzi mkuu wa zahanati.

"Mwenzako hakuja," Vitori alisema. "Nakuhitaji kwa saa mbili tu."

"Dada Vitori, nina mgonjwa nyumbani, ana dripu."

"Sote tuna wagonjwa nyumbani, mwanangu. Mwisho wa mwezi mikataba inasainiwa. Nami huulizwa nani anapatikana na nani hapatikani. Sisemi zaidi ya hapo."

Hakuhitaji kusema zaidi. Marjeta alivaa koti, akalitazama tone mara ya mwisho, akaandika kwenye kipande cha karatasi: *21 kwa dakika. Mtu asiguse.* Akamkabidhi baba mkwe.

"Ukiona inapungua, kwanza mnyoshe mama mkono. Akikunja kiwiko, maji yanasita. Usifungue kitu."

"Binti yangu," alijibu Mzee Vangjel, "nimesimamia tani mia nne za ngano. Nitashindwa na nusu lita?"

Alikaa kando ya kitanda na kuhesabu kwa uaminifu robo saa nzima. Ndipo akakumbuka kwamba dawa ya kuzuia kutapika aliyoiandika daktari haijachukuliwa, na duka la dawa hufungwa saa sita. Kwa bahati, jirani yao Urani alikuwa ameingia na ndizi kilo moja kumtazama mgonjwa, naye akakubali kukaa badala yake. Mzee alivaa kofia, akatoka. Ile karatasi ilikuwa imekunjwa mfukoni mwa koti lake. Katika maisha yake yote hakupata kuiacha hati ya kazi mikononi mwa mtu asiyehusika.

* * *

Hapa ni lazima isemwe habari ya sifuri. Zaidi ya nusu karne iliyopita serikali ilifuta sifuri moja kwenye fedha zetu, ili leki kumi za zamani ziwe leki moja mpya. Karatasi zilitii amri; midomo haikutii. Mpaka leo bei huandikwa kwa hesabu mpya na husemwa kwa hesabu ya zamani, na kwetu hakuna anayepotea isipokuwa mtalii. Ukiona mia moja kwenye kikapu cha nyanya, muuzaji atakwambia elfu moja, nawe utampa mia moja, na mtaagana kwa amani. Mzee Vangjel alikuwa kijana wa miaka kumi na sita sifuri hiyo ilipofutwa. Tangu hapo kila namba aliyoisoma kwenye karatasi ilipita kinywani mwake na kutoka na mkia.

Basi alikuwa amesimama mbele ya meza ya Thimi, mwenye duka la dawa. Kwenye kisanduku paliandikwa 340.

"Elfu tatu na mia nne," alisema Thimi.

"Mwaka jana ilikuwa elfu tatu kasoro," alisema Mzee.

"Mwaka jana na wewe ulikuwa kijana."

Simu ya Mzee ikalia. Alikuwa Urani.

"Vangjel, matone yamepungua. Yanakuja moja moja, kama yanaona haya. Binti alisema yawe mangapi?"

Ukweli ni kwamba Fotini alikuwa amekunja mkono ili amwonyeshe Urani namna mke wa mchungaji alivyoshika kikombe kwenye arusi ya juzi. Lakini hilo Urani hakulijua, na Mzee, aliyeambiwa, hakulikumbuka. Alitia miwani, akakunjua karatasi, akaisoma kwa sauti ya ghalani.

"Mia mbili na kumi."

"Mia mbili na kumi? Kwa dakika?"

"Kwa dakika. Imeandikwa."

"Nani ataweza kuhesabu mia mbili na kumi, mwenzangu?"

"Si lazima uhesabu. Fungua mpaka yawe mengi."

Akakata simu, akaanza kutoa noti. Thimi alikuwa amekiweka kisanduku chini.

"Mzee Vangjel, mia mbili na kumi ndiyo nini? Dawa gani ina bei hiyo siku hizi?"

"Si bei. Ni matone ya mke wangu."

"Kwa saa?"

"Kwa dakika."

Thimi aliinamia meza. Kisha akauliza kwa upole, kama tuulizavyo kwa mzaha kila siku sokoni, ila safari hii hapakuwa na mzaha ndani yake:

"Ya zamani au mapya?"

Mzee aliitazama karatasi. Ilikuwa na tarakimu mbili, mbili na moja, zilizoandikwa vizuri na mtu aliyesoma. Hapakuwa na ya tatu. Aliigeuza kuangalia upande wa pili.

* * *

Alimpigia Urani. Simu iliita mpaka ikachoka, kwa kuwa ilikuwa mfukoni mwa koti la Urani lililotundikwa mlangoni, na Urani mwenyewe alikuwa jikoni akichemsha kahawa. Basi ikambidi apige simu ambayo hakuwahi kufikiri ataipiga.

"Marjeta."

"Baba, kuna nini?"

"Nimesoma karatasi yako."

"Ndiyo."

"Nimeisoma kwa sauti. Nimemsomea Urani. Nimeisoma ya zamani."

Marjeta hakuuliza maana ya neno hilo. Alizaliwa Përmet.

"Uko wapi?"

"Kwa Thimi."

"Kimbia, baba. Ukifika, zungusha kigurudumu kuelekea chini mpaka maji yakome kabisa. Mkalishe wima, miguu ining'inie nje ya kitanda. Nakuja."

Tangu ushirika ulipovunjwa hakuna aliyemwona Mzee Vangjel akikimbia. Waliokuwa wamekaa mkahawani walisimama ili waone vizuri.

"Wameongeza pensheni nini?" mmoja aliuliza.

"Angekuwa anaelekea posta," mwenzake alijibu. "Huyu anakimbia kwake. Labda mama yake amefufuka."

Mzee aliwasikia, akaishika kofia yake, akazidi kukimbia.

Alimkuta Fotini amejiinua kwa kiwiko kimoja, anakohoa kikohozi cha majimaji, uso umekuwa na rangi ya nta. Urani alikuwa kando yake na kikombe cha kahawa mkononi, hajui akiweke wapi. Juu ya vichwa vyao maji yalikuwa hayadondoki tena. Yalishuka kama uzi mmoja. Mzee alikishika kigurudumu, akakizungusha juu, uzi ukanenepa. Akakizungusha chini, uzi ukakatika. Kisha akamshika mkewe kwapani, akamkalisha, akaishusha miguu yake mmoja baada ya mwingine.

"Vangjel," Fotini alisema, akivuta hewa baada ya kila neno. "Kifua... kimejaa."

"Najua."

"Hujui... kitu."

"Sijui kitu," Mzee alisema.

Urani alianza kulia. "Niliona ni mengi. Naapa niliona. Lakini mimi nani hata nibishane hesabu na Vangjel?"

Marjeta aliingia akiwa na sare, hana koti. Hakumwuliza mtu swali. Alisikiliza mgongo wa mama mkwe wake kwa kile chombo cha masikioni, akahesabu pumzi: thelathini na nne kwa dakika. Akatazama mistari ya chupa. Ilikuwa na mililita mia mbili na hamsini wakati Urani alipofungua. Sasa ilikuwa na mia moja ishirini na tano.

"Ni dakika ngapi?" aliuliza.

"Kumi na mbili," Mzee alisema. Hili alilijua kwa hakika, maana kila moja aliihesabu.

"Maji ya saa mbili kwa dakika kumi na mbili."

Alimpigia Daktari Kleanthi. Daktari alisema apewe mara moja kile kidonge chake cha kukojoza alichonacho kabatini, akae wima, asipewe tone jingine. Baada ya saa moja pumzi zikiwa bado juu ya thelathini, liitwe gari la wagonjwa, naye atake asitake atakwenda na kijiko kingine.

* * *

Saa ile moja ilikuwa ndefu kuliko zile nane. Marjeta alikaa kitandani nyuma ya mama mkwe, kifua chake kikiwa ukuta wa kumwegemeza. Kila baada ya dakika tano alihesabu pumzi na kutaja namba kwa sauti ndogo. Thelathini na tatu. Thelathini na nne. Mzee Vangjel alisimama mlangoni, kofia mkononi, kama mtu aliyeitwa ofisini na hajaambiwa aketi.

Simu ya Marjeta ililia juu ya kabati. Mkono wake haukufika. Mzee aliipokea.

"Marjeta," Vitori alisema, "umeacha dawati bila mtu. Sasa mimi niandike nini?"

"Siye Marjeta. Ni baba mkwe wake."

"Mzee, mpe simu mwenyewe."

"Hawezi. Amembeba mke wangu." Aliitazama kofia yake. "Ukiandika, andika jina langu. Binti aliacha karatasi ya ishirini na moja, mimi nikasema mia mbili na kumi."

Kalamu ya Vitori ilisikika ikiwekwa mezani.

"Ulitia sifuri," Vitori alisema hatimaye.

"Nilitia."

"Ya pesa."

"Ndiyo, dada. Ya pesa."

Vitori alivuta pumzi. "Baba yangu mimi, akipimwa presha akiambiwa kumi na sita, maana sisi huikata sifuri, hutangaza mtaani mia na sitini. Tukadhani ni uzee, kumbe yeye peke yake ndiye aliyekuwa sahihi." Sauti yake ikarudi kuwa ya ofisi. "Nitaandika kwamba aliitwa kwa dharura. Abaki huko. Na wewe, Mzee, usisome kitu leo."

"Thelathini na moja," Marjeta alisema.

Halafu ishirini na tisa. Fotini akaomba chungu cha kukojolea, na wanaume wote wa nyumba, maana yake Vangjel, wakatolewa nje. Baada ya muda mlango ukafunguliwa kidogo, mkono wa Marjeta ukatoka na jagi la kupimia unga.

"Mia tatu na hamsini," Marjeta alisema. "Yanatoka."

Mzee alilipokea jagi, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha hadi mstari ukawa sawa na jicho lake, kama alivyoinua maelfu ya vipimo. Akalisoma. Midomo yake ikafunguka, kisha akaifunga. Akaenda kumwaga.

* * *

Saa kumi kasorobo Daktari Kleanthi alikuja mwenyewe, akasikiliza mapafu mbele na nyuma. Yalikuwa yametulia. Alisema yale maji yaliyobaki yaingie, kwa kuwa mgonjwa bado hawezi kunywa, lakini sasa kwa saa nne, taratibu kuliko asubuhi. Akamtazama Mzee Vangjel, akachukua mkoba wake, akaenda zake.

Marjeta aliitafuta bahasha yake. "Mia moja ishirini na tano mara ishirini ni elfu mbili na mia tano. Saa nne ni dakika mia mbili na arobaini." Alisubiri, kalamu hewani. Kutoka mlangoni haikuja sauti. Akagawanya mwenyewe. Kisha akafungua kigurudumu kidogo, kidogo zaidi, akahesabu dakika moja, akahesabu ya pili, akakiacha.

"Sasa naenda kupika supu ya mchele," alisema. "Baba atakaa."

Fotini aligeuza kichwa juu ya mto. Rangi ilikuwa imemrudia, na pamoja nayo kila kitu kingine.

"Huyu? Amwachie mwenye ndizi."

"Atakaa baba," Marjeta alirudia, akatoka.

Mzee Vangjel alivuta kiti, akaketi. Hakubandua macho kwenye kile kichupa. Tone lilijikusanya, likanenepa, likasita, likadondoka.

"Yawe mangapi kwa dakika?" Fotini aliuliza.

Mzee alizidi kulitazama tone.

"Vangjel. Mimi ndiye ninayeyanywa. Nina haki ya kujua. Sema ni mangapi."

"Sisemi."

"Miaka arobaini na sita umenihesabia mayai, kuni na vijiko vya sukari, leo ndiyo husemi?"

Mzee aliiweka kofia magotini. Aliinua mikono yake yote miwili mbele ya uso wa mkewe, akatandaza vidole, vyote, akavishika hivyo bila kuvitikisa. Fotini alivitazama. Kisha akainua mkono wake usio na sindano, akaanza kuvigusa kimoja kimoja, kuanzia kidole gumba cha kushoto, akivihesabu kimyakimya. Na alipofika cha mwisho, alirudi akavihesabu tena tangu mwanzo, kwa sababu hakuwa akimwamini.